Munganga wa Dilolo anayelala ndani ya basi

Ijumaa saa nane ya mchana, kwenye paki ya mabasi pale Lubumbashi, kijana mmoja mzaliwa wa Dilolo anapanda basi ya Kolwezi. Mkononi ana mfuko mdogo. Ndani mna koti jeupe lililopigwa pasi, stetoskopi, mkate na avoka, na kaye moja ya shule. Abiria wa pembeni wanamdhani mwanafunzi anayerudi kwao kupumzika. Hawakukosa sana, ni mwanafunzi kweli. Lakini ni munganga pia, tena wa miaka mingi, na haendi kupumzika. Anaenda kufanya gardi katika kliniki ya mtu binafsi, toka Ijumaa saa mbili ya usiku mpaka Jumapili saa nane ya mchana. Hizo ni saa 42. Kiisha atapanda basi tena, na Jumatatu asubuhi atakuwa amesimama Lubumbashi, nyuma ya profesere wake, wakitembelea wagonjwa kitanda kwa kitanda.

Barabara ni ya kilometa karibu 300, inapita Likasi na Fungurume. Yeye haioni. Basi ikisha kutoka mjini tu, amekwisha kusinzia, kichwa kwenye kioo, mfuko katikati ya miguu. Hayo ndiyo malazi yake ya mwisho wa juma.

Jina lake libaki kwake na jamaa yake. Habari hii si ya mtu mmoja. Kolwezi, Lubumbashi, Likasi, hata katika hospitali za vijijini, wanganga vijana wengi wanaishi hivi: kazi moja ya jina, kazi mbili tatu za chakula. Na wagonjwa wanaolala mbele yao hawajui. Kati yao mna jamaa waliokimbia vita, waliorudi toka Angola, au walioondolewa katika nyumba zao kwa ajili ya mgodi. Mama anayemshika mtoto wake hawezi kujua kama yule anayemchoma sindano alilala jana ama hakulala.

Dilolo ni mji wa mpaka na wa reli. Reli ya Benguela, inayoanzia Lobito kwenye bahari ya Atlantiki, ilifika mpakani mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Katanga. Tangu wakati ule mji umezoea watu wanaofika na mizigo kichwani. Waangola walikimbilia huku wakati wa vita yao, mpaka amani ilipopatikana mwaka 2002. Kiisha Wakongomani nao wakarudishwa toka ng'ambo. Kijana huyu alikua katikati ya watu hao. Mama yake aliuza unga wa muhogo sokoni. Baba yake alifanya kazi ndogondogo pembeni ya reli.

Wakati huo, mtoto akizidiwa na homa, wakubwa walisema neno moja: «Mpelekeni Kolwezi.» Kolwezi ni zaidi ya kilometa 400 toka Dilolo, na wakati wa mvua lori linaweza kulala siku nyingi kwenye matope. Wengine walifika. Wengine walirudishwa toka nusu ya safari, wamefunikwa kitenge. Ndiyo maana, alipomaliza shule ya sekondari, kijana alisema anataka kuwa munganga wa watoto. Watu walicheka kidogo, kiisha wakachanga. Mjomba aliuza baiskeli. Mama alitoa zamu yake ya likelemba. Mbuzi wawili walikwenda. Hata jirani, mama mmoja mkimbizi wa zamani aliyebaki Dilolo baada ya vita kwisha, alileta kuku.

Masomo ya uganga katika Kongo ni marefu. Ni miaka sita au saba, na mwisho wake ni stazi hospitalini, katika magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Anayemaliza anakuwa munganga wa magonjwa yote. Akitaka utaalamu, kama ule wa watoto, anarudi masomoni kwa miaka mingine, mara nyingi minne au mitano. Katika miaka hiyo anaitwa asistanti. Mchana anatibu, usiku analinda wagonjwa, katikati anasoma. Kwa macho ya mgonjwa yeye ni dokta kamili. Kwa macho ya karani wa chuo ni mwanafunzi anayedaiwa minervali.

Kabla ya kurudi masomoni, huyu wa Dilolo alifanya kazi miaka mitatu katika hospitali moja ya mbali na miji. Huko alijifunza maana ya maneno «unite mpya». Ndivyo wanavyoitwa wafanyakazi wa serikali waliopangwa kazini lakini hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo. Tena kwa watu wa afya orodha si moja. Kuna orodha ya mshahara, na kuna orodha ya primi ya hatari, ile pesa anayopewa munganga kwa sababu kila siku anagusa ugonjwa. Mtu anaweza kuonekana kwenye moja na kukosekana kwenye nyingine. Anaweza pia kukosekana kwenye zote mbili. Yeye alikosekana kwenye zote mbili kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu primi ilianza kufika, mshahara haukufika. Madai ya chama cha wanganga Synamed katika migomo yake yamekuwa juu ya mambo kama hayo: wapya waingizwe kwenye orodha, primi zilipwe, vyeo vitambuliwe.

Sasa, kama serikali hailipi, hospitali ile ilitembea na nini? Ilitembea na mgonjwa. Pesa ya fishi, pesa ya labo, pesa ya kitanda, pesa ya operesheni, zote ziliingia katika sanduku moja. Mwisho wa mwezi, baada ya kununua dawa na mafuta ya jenereta, na baada ya kutoa sehemu ya ofisi za juu, kilichobaki kiligawanywa kwa wafanyakazi. Mwezi wa malaria nyingi, mfuko ulijaa. Mwezi watu walipokuwa na afya, au walipokosa pesa ya kuja, kila mmoja alirudi nyumbani mikono mitupu.

Siku moja ya Februari, katikati ya mvua, alifika kazini na kukuta foleni ya akina mama na watoto imezunguka jengo. Moyo wake ukafurahi. Alihesabu vichwa kama mtu anayehesabu magunia. Halafu akasikia mtoto mmoja anakohoa, akatambua alichokuwa akifanya. Alikwenda nyuma ya jengo, akasimama pale dakika chache peke yake, kiisha akarudi akaanza kazi. Alikuja kumwambia mke wake kwamba siku hiyo ndiyo alikata shauri la kwenda utaalamu. Alifikiri mtaalamu hatahesabu tena vichwa.

Lubumbashi ikamfundisha hesabu nyingine. Chumba na sebule ni dola 120 kwa mwezi, na mwenye nyumba alidai garanti ya miezi sita kwa mara moja. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Alipoitaja sheria hiyo, mwenye nyumba alimwambia kwa upole kwamba kuna watu wengine watatu wanaoitaka nyumba ileile, na wao hawajasoma sheria. Akakopa, akalipa sita.

Nyumba inalipwa kwa dola, lakini pesa nyingi inayopita mikononi mwa watu ni franga. Mwanzo wa mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu franga 2,000. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Unga wa mahindi nao unafuata njia yake. Katanga nzima inakula bukari ya mahindi ambayo sehemu kubwa inatoka Zambia. Mwezi wa Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa msiba wa taifa, na huku kwetu kila mama aliyekwenda sokoni akasikia tangazo hilo kwenye bei ya gunia. Munganga hana unga wake wa pekee. Anasimama kwenye foleni ileile.

Katika kaye yake ya shule amepiga mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja kinachoingia, upande mwingine kinachotoka. Hospitali anakojifunza haimpi mshahara. Inampa sehemu ndogo ya mapato, mwezi huu kidogo, mwezi ule hakuna. Kliniki ya Kolwezi inampa dola 100 kwa mwisho wa juma mzima. Basi ya kwenda na kurudi pamoja na chakula cha njiani vinakula 30. Zinabaki 70. Majuma manne ni dola 280. Ukitoa 120 za nyumba, zinabaki 160 za bukari, maji, umeme, shule ya mtoto mkubwa, maziwa ya mdogo, na minervali ya chuo inayongoja mwisho wa mwaka. Ndiyo maana Jumanne na Alhamisi usiku anafanya gardi nyingine, katika zahanati ya kata palepale Lubumbashi. Kazi ya pili ilizaa ya tatu.

Watu wa Kongo wana jina la maisha haya. Wanasema «Ibara ya 15», yaani kila mtu ajipange mwenyewe. Ni mzaha wa zamani, toka miaka ya kwanza ya uhuru, na umedumu kuliko sheria nyingi. Mwalimu anauza kredi za simu, askari anaendesha moto ya abiria, karani analima. Munganga naye anajipanga. Hatari yake ni kwamba mwalimu aliyechoka atakosea hesabu ubaoni na kesho ataifuta. Munganga aliyechoka hana kifutio.

Wengine wanauliza: kwa nini aende mpaka Kolwezi? Jibu liko ardhini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa inachimbwa Lualaba. Pesa ya migodi imevuta watu, na watu wamevuta kliniki. Kwenye kata za Manika na Dilala zahanati zimefunguliwa kando ya maduka, na nyingi zinatafuta munganga wa usiku. Mwenye kliniki hataki kumwajiri mtu wa kudumu, anataka wa kuziba nafasi. Asistanti kutoka Lubumbashi anafaa kabisa: amesoma, ni mtiifu, na ana shida.

Basi, ulifika usiku mmoja wa Jumamosi. Alikuwa kazini tangu Ijumaa. Alikuwa amezalisha akina mama wawili, ameshona mguu wa mchimbaji mmoja aliyeangukiwa na jiwe, na amelala dakika arobaini juu ya benchi ya labo. Saa tisa ya usiku akaingia mama mmoja na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Mama huyo alikuwa amekimbia vita ya mashariki, akafika Kolwezi na watoto watatu, akakaa katika chumba kimoja na jamaa ya shemeji yake. Mtoto alikuwa na homa kali na alianza kutikisika kwa degedege.

Munganga alijua la kufanya. Aliandika haraka dawa ya kutuliza degedege, akampa muuguzi karatasi, akaanza kutafuta mshipa. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miaka mingi katika kazi. Alisoma karatasi, akasimama.

«Dokta, angalia tena.»

«Haraka, mama, mtoto anaumia.»

«Ndiyo, Dokta. Lakini huyu mtoto ana kilo 8. Umehesabu kwa kilo 18.»

Alichukua karatasi. Ilikuwa kweli. Mkono wake uliandika moja mbele ya nane, na yeye hakuona. Dawa ile ikizidi kipimo inaweza kuzima pumzi ya mtoto, na pale hapakuwa na mashine ya kumsaidia kupumua. Akarekebisha. Dawa ikaingia kwa kipimo chake. Baada ya dakika chache degedege ikaacha, wakaanza dawa ya malaria, na kabla ya mapambazuko mtoto alikuwa anatafuta ziwa.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Hakugombana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwangalia yule kijana kwa muda, kisha akauliza kama anavyoulizwa mtu wa nyumbani:

«Dokta, wewe ulilala lini?»

«Nililala ndani ya basi, mama.»

«Siku gani?»

Alilazimika kufikiri kabla ya kujibu.

Asubuhi mama alikwenda kulipa. Alifungua fundo la kitenge, akahesabu noti moja moja juu ya meza ya karani. Munganga alikuwa mlangoni, akaona. Noti zile ndizo zingekuwa sehemu ya dola zake 100. Mama huyu, aliyepoteza nyumba na shamba, ndiye aliyekuwa anamlipia masomo ya utaalamu. Si serikali, si chuo, si mgodi. Ni yeye, kwa fundo la kitenge, tena karibu alipie kwa mtoto wake.

Mambo ya usingizi wa wanganga yamejulikana kwingine kwa gharama kubwa. Mwaka 1984, katika mji wa New York, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alikufa hospitalini baada ya kutibiwa na wanganga vijana waliokuwa na kazi ya saa nyingi na wagonjwa wengi. Baba yake hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka mpaka wa saa 80 kwa juma kwa wanganga walio masomoni, na mwaka 2003 kipimo hicho kikafika Marekani nzima. Baadaye wakaongeza jambo lililo muhimu kwa habari hii: hata saa za kazi ya pembeni zihesabiwe ndani ya zile 80. Saa 80 bado ni nyingi mno. Lakini kuna mtu anayehesabu. Huyu wa Dilolo hakuna anayemhesabia. Hospitali inajua saa zake za mchana, kliniki inajua za mwisho wa juma, zahanati ya kata inajua za Jumanne na Alhamisi. Jumla anaijua yeye na kaye yake, na juma hilo la degedege jumla ilipita 110.

Karibu zaidi nasi, Kenya ilijaribu njia ya kulipa. Mapatano ya mwaka 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari yaliweka malipo ya daktari aliye katika mwaka wa mafunzo kuwa karibu shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema itaweza 70,000 tu. Madaktari wakagoma siku 56, toka Machi mpaka Mei, na ugomvi juu ya pesa za hao vijana ukaendelea hata baada ya mgomo. Wagonjwa wa Kenya waliumia katika siku hizo. Lakini angalau pale swali liliulizwa mbele ya watu wote: nani anapashwa kumlipa munganga anayejifunza? Huku kwetu swali hilo linajibiwa usiku, kimya, kwenye meza ya karani.

Jumatatu ile alirudi Lubumbashi akamweleza mke wake habari ya kilo 8 na kilo 18. Mke wake hakusema kitu kwa muda. Kisha akaleta kaye, wakakaa mezani. Walijaribu kutoa kitu kila mahali. Wakitoa Kolwezi, nyumba inakwenda. Wakitoa zahanati ya kata, minervali inakosekana, na mwaka wa masomo unapotea. Mke alisema ataanza kuuza maandazi na chai asubuhi kwenye kona ya barabara. Yeye alisema mke wa dokta hawezi kuuza maandazi kwenye kona. Mke akamwuliza kama mke wa dokta anaweza kuwa mjane. Hapo neno likaisha.

Kulibaki mstari mmoja ambao hawakuwa wameugusa: «Dilolo». Kila mwezi alituma dola 30, wakati mwingine 50. Wadogo zake walikuwa shuleni, mjomba aliyeuza baiskeli alikuwa amezeeka, na kila msiba ulipotokea simu ilikuwa yake ya kwanza kulia. Jamaa hawakuwa wabaya. Walijua tu kwamba mtoto wao ni dokta, na dokta ana pesa. Yeye mwenyewe alilisha wazo hilo. Kila alipokwenda likizo alikopa ili afike na sukari, sabuni na vitenge. Hakuna siku alisema nyumbani kwamba hana mshahara. Aliona haya mbele ya watu waliouza mbuzi zao kwa ajili yake.

Aliwapigia simu Jumapili iliyofuata, wakati jamaa wamekusanyika baada ya kanisa. Aliomba simu iwekwe kwenye sauti kubwa. Akawasomea kaye, mstari kwa mstari, kinachoingia na kinachotoka. Akawasomea saa za juma. Mwisho akawaambia habari ya mtoto. Upande wa pili palikuwa kimya, mpaka akadhani kredi imekwisha.

Mjomba ndiye aliyejibu. «Mwanangu, sisi tulikuwa tunasema umetusahau. Kumbe ulikuwa unaibia usingizi wako ili utupe sisi. Usitume kitu mpaka umalize. Wadogo zako tutawaangalia.»

Mama yake hakusema juu ya pesa. Aliuliza kama mtoto wa yule mama alipona. Alipona.

Alikata zahanati ya Jumanne na Alhamisi. Kolwezi hakuweza kuikata, lakini alizungumza na mwenye kliniki: atafika, ila Jumamosi usiku atafanya zamu na munganga mwingine, na kila mmoja atalala saa sita. Malipo yakashuka toka dola 100 mpaka 75. Aliomba pia kwamba kila dawa ya mtoto isomwe na watu wawili kabla ya kuingia, uzito wa mtoto utajwe kwa sauti. Hilo halikugharimu kitu, na mwenye kliniki akakubali bila neno. Yule mama muuguzi akacheka, akasema yeye amekuwa akilifanya tangu miaka ishirini bila kuombwa.

Ndugu wasikilizaji, katika habari hii mna mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyatengeneza. Orodha za mshahara zinatengenezwa Kinshasa. Lakini mengine yako mikononi mwetu. Mtoto wako akiandikiwa dawa, taja uzito wake kwa sauti, na omba upimwe mbele yako. Munganga mzuri hatakasirika. Ukilipa, omba risiti, hata kama ni franga kidogo. Kila eneo la afya lina kodesa, kamati ambamo wakaaji wenyewe wanakaa pamoja na muuguzi mkuu wa kituo. Uliza kodesa wako ni akina nani. Uliza pesa za sanduku zinagawanywaje, na nani kati ya wafanyakazi hayuko kwenye orodha ya serikali. Jamaa waliohama wana haki ya kuuliza sawa na wenyeji, kwani fishi wanalipa sawasawa. Na wewe mwenye mtoto, ndugu au shemeji aliye katika masomo ya uganga, kabla ya kumwomba pesa mwulize kwanza kama amekula, na kama amelala.

Kumebaki mwaka mmoja na nusu kabla ya kijana kumaliza. Kliniki moja ya mjini imekwisha kumwahidi kazi ya dola, na mtu hawezi kumlaumu akiikubali. Yeye bado hajasema. Dilolo inangoja, na inajua kungoja.

Mwezi uliopita lori moja lililotoka Dilolo liliteremsha mizigo Kolwezi. Kati ya mizigo mlikuwa gunia la unga wa muhogo, kidumu cha asali na samaki wakavu wamefungwa katika majani. Juu ya gunia waliandika kwa makaa jina lake, na mbele ya jina neno «Dokta». Jumapili alilibeba mpaka kwenye basi. Dereva alitaka alipie mzigo. Abiria waliokuwa mbele walimwona kijana huyu kila juma, kichwa kwenye kioo. Wakamwambia dereva amwache, mzigo wenyewe ni chakula. Gunia likawekwa chini ya kiti chake. Kabla ya kufika Fungurume alikuwa amelala, miguu juu ya unga wa mama yake.